Uzoefu wangu: kuomba mkopo wa chuo wakati mdhamini ana kitochi

Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita, na maombi yake ya mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) tumeyafanya pamoja kuanzia mwanzo hadi kutuma. Naandika kwa ajili ya familia zilizo kama yetu: mwombaji hana kompyuta, mimi niko Morogoro mjini, na mdhamini ni mama yetu, mkulima wa kijijini Kilosa ambaye simu yake ni kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe isiyo janja.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni *152*00#, menyu ya huduma za serikali kwa simu. Mama alishajiandikisha NIDA (Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa) lakini kadi hana, na bila utambulisho wa mdhamini maombi hayaendi. Binamu yangu alikaa naye barazani, wakafuata menyu mpaka kwenye utambuzi, wakaweka majina, tarehe ya kuzaliwa na majina ya bibi yetu, namba ikatoka. Hakuna bando, hakuna nauli, na maelezo yote ni ya Kiswahili, kwa hiyo mama alisoma mwenyewe. Alinipigia akiwa na furaha: "Mwanangu, kumbe hata hii yangu inaweza!" Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zikague papo hapo kabla ya kuzinakili popote.

Malipo nayo sina la kulalamikia. Ada ya maombi ni shilingi 30,000. Mfumo unakupa namba ya malipo, ile wengi tunayoiita kontroo namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Tulimsomea mama namba hiyo, akaingia kwenye malipo ya serikali katika simu yake, akalipa kwa hela ya mahindi iliyokuwa humo humo kwenye simu, na risiti ikaja kwa meseji. Kwa mtu wa kijijini hili ni jambo kubwa sana: fedha haipiti mkononi mwa mtu yeyote, na hakuna wa kumwambia "ongeza kidogo". Hiyo meseji msiifute.

Ugumu unaanza pale mfumo unapotaka barua pepe, simu janja na mashine ya kuskani. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe kwanza na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na uhakiki unaombwa mtandaoni kwa kupandisha picha ya cheti. Hapo wengi wetu tunaishia steshenari.

Steshenari ya kwanza tuliyoingia, kijana wa kwenye kompyuta alitaka kufungua akaunti ya mdogo wangu kwa barua pepe yake yeye na namba yake yeye ya simu. Alisema ndivyo anavyowafanyia wateja wote ili kazi iende haraka. Tulikataa, tukatoka. Nawaomba wazazi na wadogo zangu mnisikilize hapa: ukisahau nywila, maelekezo ya kuibadilisha yanakwenda kwenye barua pepe au simu iliyosajiliwa. Kama ni ya mtu wa steshenari, akaunti ni yake. Jirani yetu mmoja alishindwa kuingia kwenye akaunti yake wakati wenzake wanaangalia kama wamepangiwa mkopo, kwa sababu aliyemjazia alikuwa amehama mji. Humo ndani mna majina ya wazazi, namba za NIDA na akaunti ya benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, lakini haitamsaidia mtu anayekabidhi nywila yake dirishani bila kujua anachokabidhi.

Tulipata steshenari nyingine, ya dada mmoja mwenye subira. Alimwachia mdogo wangu kiti aandike mwenyewe, yeye akatoza kuskani na kuchapisha tu. Barua pepe tulikuwa tumeifungua nyumbani kwa simu yangu, nywila tukaiandika kwenye daftari linalokaa kwetu.

Kabla ya kuanza, linganisheni majina. "Mwanahamisi" kwenye cheti na "Mwana Hamisi" kwenye NIDA ni mama yule yule, lakini kompyuta haimjui. Kwetu yalilingana, ila ninyi mkiwa na tofauti, msingoje wiki ya mwisho, maana kurekebisha jina kuna kiapo na kusubiri.

Sehemu iliyotuchosha zaidi ni karatasi. Fomu uliyoijaza mtandaoni inachapishwa, mdhamini anatia saini, serikali ya kijiji inagonga muhuri, inakwenda kwa hakimu au wakili kuthibitishwa, halafu kurasa hizo zinaskaniwa na kupandishwa tena. Kwa hiyo fomu yetu ilipanda basi kwenda Kilosa na kurudi. Mama alitembea kumfuata mtendaji wa kijiji, na nauli pamoja na gharama za karatasi vilituuma kuliko bando. Kama mama aliweza kupata namba ya NIDA na kulipa ada kwa kitochi, naamini anaweza pia kukubali udhamini kwa kitochi, na mtendaji naye athibitishe kwa njia hiyo hiyo. Uwezo upo nchini, tumeshauona unafanya kazi. Hili ndilo ningewaomba wanaosimamia mifumo hii walifanyie kazi kwanza, kabla ya kupendezesha kurasa zao.

Menyu na malipo nayapa nyota tano bila kusita. Safari nzima, kwa mtu wa kijijini, naipa tatu. Ukianza, anza na uhakiki wa RITA siku ile ile unayoamua kuomba, na kurasa pandisha usiku mtandao ukiwa mwepesi. Fomu iliyogongwa muhuri baki nayo hata baada ya kutuma. Dirisha la rufaa likifunguliwa utaihitaji mkononi.