Mpira wa gesi wa kegi: uzoefu wangu hapa Moshi

Mtungi wangu wa gesi ya kaboni dioksidi ni wa kilo 5. Kegi moja, yaani pipa la chuma la bia, ya lita 19 inakula kama gramu 150 hadi 200, kuanzia kuitia bia gesi mpaka glasi ya mwisho. Ukipiga hesabu, mtungi mmoja unatosha kegi 25. Wa kwangu wa kwanza uliisha nikiwa kwenye kegi ya pili. Tatizo lilikuwa mpira wa mita moja na nusu unaopeleka gesi kutoka mtungini hadi kwenye kegi, kitu nilichonunua mwisho kabisa, baada ya kumaliza pesa na mawazo yote kwenye regulata na friji.

Natengeneza bia nyumbani, maeneo ya Rau, kwa kimea na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), na mara mojamoja soda ya tangawizi ya watoto. Nimekulia kwenye nyumba ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mbege haina mtungi wala regulata: ndizi zinachemshwa, zinaachwa zichachuke, ulezi unaingia, na povu linakuja lenyewe. Bia ya kegi ndiyo inayodai gesi, na gesi inadai njia isiyovuja.

Mpira wa kwanza ulikuwa wa silikoni, ule mweupe laini ninaotumia kuhamisha maji ya kimea yakiwa yamoto. Kwa kazi hiyo sijaona unaoufikia, maji yakiwa yametoka kuchemka unayapitisha bila wasiwasi. Kwa hiyo nikaona utafaa na kwenye gesi. Ukavaa kwenye nipo ya regulata, ule mdomo wa kuvalishia mpira, kwa urahisi, nikafunga klipu ya chuma, nikaikaza kwa bisibisi mpaka ikagoma. Siku chache baadaye mshale wa mtungi ukawa kwenye sifuri.

Mshale huo ulinidanganya. Ndani ya mtungi gesi imekaa kama kimiminika, na kikiwepo hata kidogo, presha inabaki palepale, bar 57 hivi kwenye nyuzi 20. Inaanza kushuka wakati kimiminika kimeshaisha. Tangu siku hiyo nauamini mzani.

Nilipojaza tena nilichukua maji ya sabuni na brashi ya rangi, nikapaka kila kiungo. Pale kwenye klipu yakatokea mapovu madogo kama mayai ya samaki, yakawa yanapasuka na kurudi tena palepale. Nikafungua. Ukingo wa klipu ulikuwa umeukata mpira, mkato mwembamba kama wa wembe. Nikakata kipande kilichoharibika, nikafunga upya kwa klipu pana, mapovu yakakoma kabisa. Lakini baada ya wiki nzima bila kunywa hata glasi, mtungi ulikuwa umepungua kama gramu 100. Silikoni ndivyo ilivyo: gesi inapenya kwenye ukuta wake hata pasipo tundu. Sabuni haiwezi kukuonyesha hilo.

Nikaingia mjini kutafuta mwingine.

“Mangi, naomba mpira wa gesi, unaovumilia presha.”

“Chukua huu wa chungwa, kaka. Nyumba zote wanautumia.”

Alinipa kwa nia njema, na kwa jiko ni mpira sahihi. Ila regulata ya jiko la gesi inatoa takriban milibar 30 tu. Mimi kwenye kegi naweka psi 12 (psi ni kipimo kingine cha presha), yaani milibar 830 hivi, zaidi ya mara 25. Haukupasuka, na sitasema ulipasuka. Kilichonishinda ni harufu. Ule mpira mweusi wa ndani ulikaa na gesi usiku kucha, na asubuhi gesi hiyo ikaingia kwenye kegi. Shangazi yangu, ambaye ameonja mbege maisha yake yote, alishusha glasi baada ya funda moja akasema, “Mwanangu, hii umeipitisha kwenye tairi?” Nilimwaga lita 19.

Ninaotumia sasa ni wa poliyurethani, wa buluu, ule wa kompresa za hewa. Kipenyo cha nje milimita 8, cha ndani 5. Mafundi wa kupaka rangi magari wanaufahamu, na maduka ya vifaa vya kompresa yanauza kwa mita. Umeandikwa presha mwilini, na wangu unabeba bar 8, mara karibu kumi ya ninayohitaji. Muulize muuzaji kama maandishi hayo yapo. Mpira usio na maandishi mimi siuchukui.

Huu hauvai kwenye nipo za kawaida za kegi, tundu lake ni dogo. Unahitaji fitingi, yaani viungo, za kusukuma za milimita 8: unasukuma mpira mpaka unahisi umegota, halafu unauvuta nyuma kidogo ujishike. Hapo ndipo watu wanapoharibu. Mpira ukatwe sawasawa bila mshazari, kwa wembe mpya. Ukikata kwa mkasi, mdomo unabanwa na kuwa yai, na fitingi itavuja hata iwe ya bei gani. Kiungo changu kimoja kilivuja kwa sababu hiyohiyo; nikakata sentimita moja, nikarudisha, kikatulia.

Baada ya kufunga niliweka presha, nikafunga mtungi, nikaacha usiku kucha. Asubuhi mshale wa pili wa regulata, unaoonyesha presha ya kwenye mpira, haukuwa umesogea. Wiki mbili kwenye mzani, hakuna tofauti ninayoweza kuisoma.

Upande wa bia ni habari nyingine. Huko mpira unagusa kinywaji, kwa hiyo nimeweka wenye utando wa kuzuia hewa, milimita 4 ndani na 8 nje. Unaingia kwenye fitingi zilezile, ndiyo maana naipenda saizi ya 8. Ila lazima uagize, na unasubiri.

Mawili ya kuongezea. Huku kwetu tuko juu, Moshi ni kama mita 850, Arusha karibu 1,400. Jedwali za presha ya kutia bia gesi zimeandikwa kwa usawa wa bahari, kwa hiyo naongeza psi moja kwa kila mita 600. Na tafadhali, usiweke mtungi huu chumbani unakolala. Gesi ya jiko imetiwa harufu ili uigundue. Hii haina harufu, ni nzito kuliko hewa, inajaa kuanzia chini, na inaua. Wangu upo stoo yenye mlango wa nyavu na tundu usawa wa sakafu.

Nilinunua mita tatu, nikatumia moja na nusu. Kipande kilichobaki nimemkatia jirani anayeanza, pamoja na wembe. Mtungi niliujaza kabla ya Pasaka, sasa niko kwenye kegi ya tisa na bado una kilo tatu na nusu.