Mama wa mafuta, soko la Kenya: vidole vyangu vimeacha kuvuta satini

Mimi ni mshonaji, niko Katuba, komini mojawapo ya Lubumbashi, Kongo. Siku nyingi nashona libaya (blauzi) na vikwembe vya kujifunga, na nguo za arusi msimu wake ukifika. Shida ni kwamba arusi nyingi za hapa Lubumbashi watu wanazipanga kiangazi, wakati hakuna mvua ya kuharibu karamu, na wakati huohuo ndipo mikono yangu inapokufa. Kuanzia Juni hadi Agosti tone la mvua hulioni. Mchana jua, usiku baridi inayoweza kushuka chini ya nyuzi 10, na lile vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya kasha la uzi. Ncha za vidole zinageuka msasa. Nikipitisha mkono juu ya satini nasikia krrr, na uzi umeshavutwa. Mwaka huu niliharibu mita mbili za bitana ya bibi arusi, nikazilipa mfukoni mwangu. Kesho yake nikaenda sokoni.

Kibanda ninachokisifu kiko soko la Kenya (Kenya ya kwetu, komini ya Lubumbashi, si ile nchi), kwenye safu ya sabuni. Hakina bango. Utamtambua mwenyewe kwa madumu mawili ya njano na mzani mdogo, na kwa jinsi anavyokutazama mikono kabla hajakutazama usoni. Anauza gliserini ya kumimina, vazelini ya kupima kwa kijiko, siagi ya karite (shea), na yale mafuta meusi ya kokwa za mchikichi ambayo mabibi zetu waliwapaka watoto wachanga.

Nilimwambia, "Mama, nataka losheni kali." Akanishika mkono, akaunusa.

"Unaoga na sabuni gani?"

Nikamtajia ile ya kipande, ya kufulia. Akauachilia mkono kama umemchoma. "Unajisugua na sabuni ya nguo, kisha unakuja kulia kwangu?"

Baadaye nilielewa hasira yake. Ngozi ya juu kabisa ni kama viraka vilivyoshonwa pamoja, na uzi wake ni mafuta ambayo mwili unayatengeneza wenyewe. Uzi huo ndio unaozuia maji ya ndani yasitoke. Ngozi ina uchachu kidogo, pH yake, yaani kipimo cha uchachu, iko karibu na 5, lakini sabuni ya kipande iko 9 au 10. Ukiiongezea maji ya moto ya ndoo, yametoka tu juu ya mbabula (jiko la makaa), unafumua mishono yote asubuhi moja. Kisha hewa ya Julai inakunywa maji yako, ngozi inapauka, inawasha, inapasuka.

Halafu akafanya kitu ambacho hakuna duka la mjini limewahi kunifanyia. Alichukua gliserini akaipaka kwenye mkono wangu wa kushoto, mkavu hivyohivyo. Wa kulia aliumwagia maji ya chupa, akaukung'uta, akapaka gliserini hiyohiyo palipo na unyevu, kisha juu yake vazelini kiasi cha punje ya hindi. Akaniambia nizunguke sokoni ninunue mboga, nirudi. Niliporudi wa kushoto ulikuwa unanata na kuvuta, wa kulia ulikuwa mkono wa mtoto. Gliserini inavuta maji, akasema, isipoyapata juu itayatafuta chini, ndani ya ngozi yako mwenyewe. Vazelini haileti maji hata kidogo, kazi yake ni kuwa kifuniko. Kwa hiyo sufuria iwe na kitu kwanza.

Mume wangu nilipomweleza alicheka, akasema vazelini ni mafuta ya injini. Hakukosea sana: inatokana na mafuta ghafi ya ardhini, na Mmarekani Robert Chesebrough aliipatia hati ya ubunifu mwaka 1872 baada ya kuona wafanyakazi wa visima vya mafuta wakijipaka masalio ya pampu kwenye majeraha. Mafuta ninayotia kwenye cherehani yangu ni binamu yake. Ila ya cherehani msijipake, tafadhali.

Bei niliyolipa: chupa ndogo ya gliserini faranga 3,000, vazelini ya vijiko vinne 2,000. Imenitosha wiki tano. Linganisha na losheni niliyonunua mwaka jana katika duka jingine, lenye vioo na muziki, kwa dola 12. Kopo lilikuwa na picha ya mwanamke mweupe kama karatasi. Mikono ililainika kweli, lakini baada ya miezi miwili vifundo vya vidole vikawa vyeusi na uso ukaanza kuniwaka juani. Mpwa wangu ndiye aliyenisomea maandishi madogo: haidrokwinoni, dawa ya kuchubua ngozi. Sikuomba kujichubua, niliomba dawa ya mikono mikavu. Umoja wa Ulaya uliikataza kwenye vipodozi vya ngozi tangu 2001, na sisi tunauziwa kando ya poda ya watoto. Mama wa mafuta hana hata kopo moja la namna hiyo, na kwangu hilo peke yake lingetosha kunirudisha.

Sasa nimseme. Mchanganyiko wake wa karite, anaojivunia kuliko vyote, mimi sikuupenda. Anautia manukato ya vanila mpaka unakohoa, na ngozi iliyokwisha kupasuka haitaki manukato, inawasha zaidi. Tena unaacha alama kwenye kitambaa. Mshonaji asiununue. Pia gliserini anaimimina kwenye chupa za maji ya kunywa, bila maandishi yoyote. Mwenye watoto nyumbani aandike mwenyewe kwa kalamu na kuiweka juu. Na dumu limefunguliwa lini, hakuna ajuaye. Nilimwuliza, akanijibu, "Yanaisha kabla hayajazeeka." Labda.

Kwa magaga ya miguuni alikataa pesa yangu. "Hayo si yangu, nenda famasi, uliza krimu ya yurea." Nilipata ya asilimia 10, dola 9, ghali. Usiku wa kwanza iliniuma kwenye nyufa mpaka nikapiga mguu ukutani, kwa hiyo nyufa zikiwa wazi subirini zifunge kidogo kwa vazelini kwanza. Baada ya siku kumi na nne nilivaa sendozi kwenda kanisani. Mwenye ngozi inayotoa maji au damu, au mwenye ukurutu tangu utotoni, asipoteze muda kibandani, aende kwa daktari.

Mimi sasa naoga maji ya vuguvugu, sabuni laini natia kwapani, miguuni na palipochafuka tu. Sijikaushi kabisa, napapasa kwa taulo na kujipaka hapohapo bafuni, kabla ngozi haijapauka. Usiku mikono inalala ndani ya soksi za zamani za mume wangu, naye ameshaacha kuuliza. Asubuhi naanza na vikwembe vya pamba, satini naigusa baada ya saa nne, vidole vikiwa vimeshakunywa mafuta yote. Wiki iliyopita nimemaliza gauni la arusi lenye mkia wa mita tatu, hakuna uzi uliovutwa hata mmoja.

Mkienda, bebeni chupa yenu iliyooshwa, atawapunguzia faranga 200. Jumatatu hayupo. Na msimpelekee mkono unaonuka sabuni ya kufulia.