Kusawazisha Kiwanja na Kutandika Ukoka Raskazone: Tathmini ya Kazi ya Mafundi wa Bustani

Uwanja wa mbele ya nyumba yetu hapa Raskazone, Tanga, wenye mita za mraba 80 hivi, ulikuwa na mwinuko upande wa geti na bonde karibu na baraza, na kila masika maji yalituama pale hadi vyura wakahamia. Vibarua wa kutwa walishaujaribu mara mbili bila mafanikio, ndipo nikawaita mafundi wa kitalu kimoja cha hapa mjini. Naandika haya baada ya miezi minne ya kuumwagilia na kuukata ukoka wao.

Siku ya kwanza hawakuja na ukoka hata kipande. Walileta vigingi, kamba na mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, kama ule wa waashi wanapopima msingi; mmoja aliushika barazani, mwenzake akatembea na ncha ya pili hadi ukutani, na kila maji yalipotulia wakatia alama kwenye kigingi. Walinieleza kwamba bustani iliyo sawa si tambarare kama meza, bali huteremka sentimita moja hadi mbili kwa kila mita kutoka nyumbani, ili mvua ipate njia.

Udongo wa juu waliuchota na kuuweka kando, wakachimba na kutoa vifusi vya ujenzi pamoja na mawe ya matumbawe, kisha wakaurudisha ukiwa umechanganywa na mchanga wa mtoni na samadi iliyooza. Mchanga wa ufukweni, ambao mimi niliuona ni wa karibu na wa bure, waliukataa kwa sababu ya chumvi. Halafu wakamwagilia udongo mtupu na kuondoka kwa siku kumi. Nilinung'unika, nakiri, lakini waliporudi ndago, lile gugu lenye viazi vidogo ardhini, ilikuwa imechomoza kila mahali, nao wakaing'oa pamoja na viazi vyake, kwa kuwa ukiikata kwa jembe tu huchipua upya. Mwishowe walivingirisha pipa lililojaa maji juu ya uwanja mzima, wakapita kwa miguu, na kila unyayo ulipozama wakaongeza udongo na kurudia.

Siku ya kutandika ndiyo iliyoniudhi. Ukoka ulifika saa saba mchana kwenye gari lisilo na turubai, na vipande vya katikati ya lundo vilikuwa tayari vimeshika joto. Walivipanga vizuri, viungo vikipishana kama matofali, ila giza liliwakuta na kilichobaki kikalala kwenye lundo hadi asubuhi. Hicho ndicho kilichotandikwa getini, na ndicho kilichogeuka njano. Walikuja kukibadilisha bila malipo, lakini baada ya kupigiwa simu mara tatu.

Gharama ya kuandaa ardhi ilizidi bei ya ukoka wenyewe, na kwa niliyoyaona sidhani walinionea. Ningewaita tena, kwa sharti kwamba ukoka ukatwe alfajiri, ufunikwe, na utandikwe wote siku hiyohiyo. Mvua kubwa ya juzi ilipokatika, maji yalikuwa yameshaondoka barazani kabla hatujamaliza chai, ingawa kona ya geti bado ina rangi mbili.