TAHADHARI: Mabati ya "dawa ya kukunjika" yanayopitishwa Mtwara na Newala ni rangi tupu

Mafundi bati wenzangu wa Mtwara mjini, Mikindani mpaka Newala, kuna jamaa anazunguka na kirikuu akiuza mabati bapa ya futi nane kwa nne. Anadai yamepakwa dawa ya kiwandani inayolainisha chuma, eti unakunja bila mafuta na bati halipasuki. Bei yake iko chini ya ya dukani kwa shilingi elfu sita kila bati. Mimi nimelizwa mabati 12.

Nilikuwa na oda ya mifereji ya mzee mmoja wa Newala. Kule juu mnajua, maji ya mvua ndiyo maji. Pindo la kwanza tu, nimeligonga kwenye reli kwa nyundo ya mti, mng'ao wote ukabanduka magamba kama changu anayeparuliwa. Chini yake bati jeusi, tena limeshaanza kutu. Lehemu nayo ikagoma, ikajikusanya vidonge vidonge. Nikasugua na kitambaa chenye thina, kitambaa kikawa silva.

Kilichoninasa ni kwamba uongo wake una ukweli ndani. Mipako inayosaidia chuma kukunjika ipo. Viwandani chuma cha kugandamizwa kwenye kalibu hupakwa fosfeti ya zinki ili ishike mafuta, kiteleze badala ya kukwaruzika. Na bati letu huzamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka, nyuzi joto kama 450, ikang'ang'ania chuma. Ukikunja, inavutika nacho. Hata alumini kidogo hutiwa humo, ili kati ya zinki na chuma lisiote tabaka nene gumu la kumeguka. Ila mpako wa kuingia ndani ukageuza chuma kigumu kuwa laini, huo haupo. Ulaini ni wa chuma chenyewe.

Kabla hujatoa hela, kata kipande cha vidole viwili kwenye kona, kikunje mpaka kilale, halafu pitisha ukucha kwenye pindo. Zinki yenyewe haibanduki. Akikukatalia kukata, mwache aende zake.

Risiti hakunipa, na namba niliyoitumia hela haipatikani tangu Jumanne. Mara ya mwisho kaonekana njia ya Tandahimba, na hela za korosho ndiyo kwanza zinaingia mifukoni mwa watu. Mifereji ya mzee naikata upya kwa bati la dukani, hasara juu yangu.