Chapa ya Petra ya David Roberts: rangi wameiharibu ila picha yenyewe ni moto

Haya wadau karibuni, leo nina kopi mpya ya ile chapa ya El Khasne, jengo maarufu la mji wa kale wa Petra, huko jangwani Yordani. Mchoraji ni David Roberts, Mskoti mtoto wa fundi viatu, kwanza alikuwa anapaka rangi mandhari za jukwaani kwenye maigizo halafu Machi 1839 akafika Petra na msafara wa ngamia, akachora palepale.

Ngoja niisogeze kwenye kamera. Mnaona nguzo za mbele? Zilitakiwa sita, hapa moja haipo, na sio kosa la wachapaji jamani, wakati ule ilikuwa imeanguka kweli, wamekuja kuijenga upya 1960, kwa hiyo ukienda leo unazikuta zote. Hapo ndo ninapoipendea hii chapa, inakupa Petra ambayo ukienda leo huikuti tena. Na cheki hawa watu chini, wadogo kabisa, jengo lenyewe lina karibu mita 40 kwenda juu na lote limechongwa kwenye mwamba na Wanabataea, watu wa kale wa eneo hilo, miaka kama 2,000 iliyopita!

Karatasi safi, nzito, haing'ai, hapo nawapa maksi zote.

Rangi sasa. Chapa za mwanzo zilitoka London kati ya 1842 na 1849, Louis Haghe, mzaliwa wa Ubelgiji, ndo aliyehamishia michoro ya Roberts kwenye mawe ya litografia, yaani unachora juu ya jiwe halafu unachapa kutoka kwenye jiwe hilo, juu ya mistari wanapitisha jiwe lingine la rangi hafifu, na kopi za bei mbaya zikapakwa rangi kwa mkono moja moja, ndo maana mwamba wake una waridi iliyotulia na ukiangalia kivulini bado unaona kitu. Hawa waliochapa kopi hii mpya wameongeza rangi ya chungwa mpaka mwamba unawaka, mlangoni kumekuwa kweusi tii, na huku pembeni wamekata picha. Inauma kwa sababu kazi ya Haghe yote iko kwenye hivyo vivuli.

Na mtu akikuuzia akisema ni orijino, chukua lensi ya kukuzia uangalie anga, ukiona vidoti vidogo vimejipanga kwa mistari hiyo imetoka kwenye mashine za kisasa, litografia ya jiwe ina chembechembe zisizo na mpangilio. Kabla hujalipa muombe muuzaji picha ya karatasi nzima mpaka kingo zake, iliyopigwa mchana bila filta.