Umeipima kilo? Boti ya tanga ya kuanzia, kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Wiki iliyopita kaka mmoja wa Lindi kanitumia picha tatu za boti anayotaka kununua, nyeupe, safi, tanga limekunjwa vizuri, anauliza dada hii inafaa kujifunzia? Nikamuuliza swali moja tu, umeipima kilo? Akanitumia vicheko. Mimi sikucheka, maana mwaka juzi nilinunua hivyohivyo kwa picha.

Niliona tangazo la boti ya mtu mmoja, iko Dar, muuzaji anasema ni ya mzungu karudi kwao na hajaitumia sana (hawa wazungu waliorudi kwao naona ni wengi kuliko waliowahi kuja). Milioni nne na nusu, juu yake laki tatu na nusu ya lori, njia yenyewe kama kilomita 550. Karatasi inasema bodi ni kilo 60. Tulipoishusha Mikindani vijana wanne wanaibeba huku wanaguna, na mjomba mmoja mvuvi akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole akasema, "Hii imekunywa." Nikajua utani wa kawaida. Siku tatu za kwanza raha tupu, ya nne upepo ukachangamka kidogo nikawa nabisha kurudi, yaani naupanda upepo kwa zigizaga, weee, boti nzito kama imefungwa nanga, omo (pua ya boti) inaingia kwenye kila wimbi, nikaja kufika saa moja usiku natetemeka. Kesho yake tukaibeba kwa jamaa mwenye mizani ya korosho, tukaitundika kwa kamba mbili. 81. Kilo 21 za maji ndani ya boti ambayo kwa nje imekauka kama sahani.

Kwa hiyo leo mambo ya rangi, urefu na mwaka wa kutengenezwa sitayagusa, utayaona mwenyewe. Naongelea maji usiyoyaona tu, kwa sababu boti hizi ndogo za faiba zimefungwa pande zote, ndani kuna uwazi na povu, na povu likishanyonya maji halikauki kwa kuanikwa juani siku mbili.

Yanaingilia wapi? Wengi wanakagua chini na mbavuni wakati boti nyingi za aina hii zinavujia juu, kwenye shimo la mlingoti. Shimo lile ni kama bomba lililozibwa chini, mlingoti unakaa humo na unazunguka kila tanga likihama upande. Mchanga ukidondokea ndani, na kwetu huku mchanga haukwepeki, mlingoti unausaga pale chini kama msasa mpaka panatoboka, au gundi inaachia, halafu kila wimbi linalopanda juu linamwaga maji kwenye tumbo la boti na wewe hujui kitu. Siku upepo ukija wa kweli mlingoti unaweza kung'oka na kipande cha sitaha, ule uso wa juu wa boti.

Kupima ni bure. Nenda na maji lita moja na kalamu, jaza shimo, weka alama maji yalipofika, kaa nusu saa upige stori na muuzaji. Maji yakishuka, aga uondoke. Halafu chukua sarafu ya mia mbili ugonge sitaha yote taratibu kuanzia omo mpaka tezi kule nyuma, pazima panalia ko ko ko, palipooza panalia pu, kama unagonga papai. Fungua na kizibo cha nyuma, inua omo, uone kinachotoka. Mwisho mizani, na huku Kusini usiniambie umekosa mizani.

Sasa vyombo vyenyewe. Namba moja kwangu ni Laser na sijifichi, mimi ni mtu wa Laser, wasionipenda wavumilie. Alichora Bruce Kirby wa Kanada, ina mita 4.2, bodi kilo 59, tanga moja, kamba chache, mtu mmoja unaimudu na ikipinduka unaisimamisha peke yako. Imeingia Olimpiki tangu 1996. Siku hizi mpya za mashindano zinaitwa ILCA baada ya ugomvi wa jina, usibabaike ukiliona tangazo. Kinachonifurahisha ni kwamba bodi ni ileile ila matanga ni matatu, la mita za mraba 7.06, la 5.76 na la 4.7, unabadilisha tanga na kipande cha chini cha mlingoti basi. Mimi nina kilo 56, kusi likivuma naweka la 4.7 na bado napepea. Spea zake zipo dunia nzima. Ila ndugu, Laser nayo ina shimo la mlingoti, ya zamani ipime kama nilivyosema, mapenzi yasikupofushe.

Ya pili Hobie 16. Ina mitumbwi miwili iliyounganishwa, haina ubao wa kushuka chini, na sukani zake zikigusa mchanga zinanyanyuka, kwa hiyo unaingia nayo hadi ufukweni. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, huku maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, hilo si jambo dogo. Lakini ni kilo 145 na ikipinduka mnatakiwa wawili kuiinua. Bonyeza kwa dole gumba juu ya kila mtumbwi, mbele ya nguzo ya mbele inayoshika fremu, pakibonyea achana nayo.

Ngalawa naiweka ya tatu na najua nitatukanwa nyumbani. Ngalawa haina siri, maji yakiingia unayaona miguuni, unachukua kopo unayafua. Mimi mwenyewe nimejifunzia humo, kwa mjomba yuleyule wa "imekunywa", nikishika demani (kamba ya tanga) na yeye kana (mkono wa usukani), na kama unaanza kabisa lipa mvuvi akufundishe wiki mbili kabla hujanunua chochote. Shida ni kuimiliki ukiwa peke yako, kugeuza upande ni kuhamisha foromali, ule mti unaoshika tanga, kuzunguka mlingoti, na kwa mwanafunzi mmoja hiyo ni kazi ya kulia.

Optimist ni ya watoto, mita 2.3, mtu mzima magoti yanafika masikioni. Za plaiwudi ya baharini za kujitengenezea, sawa kama una fundi na subira.

Yoti yenye kitanda na jiko? Mnaniuliza sana. Ina mkuku, ule uti wa chini ya boti, wa kwenda chini mita moja na nusu au zaidi, maji yakipwa inalala ubavu kama ng'ombe, inataka injini, inataka pa kuifunga, inataka mtumbwi wa kuifikia. Na bei zake walikuwa wanataja kwa dola, mpaka ilipokatazwa 2025! Boti ipo Tanzania, muuzaji Mtanzania, mimi mshahara wangu shilingi, dola ilikuwa ya nini? Ukiomba picha ya chini anakwambia njoo uone, ukifika anakwambia kuna mteja mwingine yuko njiani.

Kujifunzia, ghuba ya ndani ya Mikindani inatosha, imekingwa na mdomo wake mwembamba. Anza maleleji, pepo zikibadilika na bahari imetulia, au kaskazi, Desemba mpaka Machi, kusi la Juni na Julai waachie wazoefu. Toka maji yakijaa, ukishindwa yanakurudisha ndani, ukitoka yakipwa yanakutoa mdomoni. Jaketi okozi vaa hata kama wavuvi wanakucheka, na waone TASAC, shirika la serikali la usalama wa vyombo vya majini, kuhusu ukaguzi wa chombo.

Ile ya kwangu nilipasua sitaha, nikatoa povu lote, nikalianika kwenye paa la banda miezi miwili, bado likikamuliwa linatoa chumvi. Muuzaji simu yangu hapokei.

Kaka wa Lindi naye kanijibu jana. Alienda na chupa yake ya maji, muuzaji akamzuia asimimine, anasema atamharibia boti.