Ford 390 ndani ya Cobra ya kuiga: injini ya bwana harusi

Jawabu kwanza, wenye haraka wasome hapa waende zao. Ukitaka kutia injini kubwa ya zamani ya Kimarekani kwenye Cobra ya kuiga (nakala ya ile gari ya michezo ya miaka ya sitini), na gari yenyewe itaishi Unguja, chukua Ford 390 iliyotoka kwenye pikapu ya miaka ya sabini, achana na 427. Namba hizo ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo. Injini naipa nyota nne. Fundi wa Saateni aliyeitia, tano. Aliyetuuzia, mbili, na mbili zenyewe ni kwa sababu kreti aliifunga vizuri.

Kazi yangu kukodisha magari ya harusi hapa mjini. Hii Cobra bodi yake ni ya faiba, chesisi ya mabomba ya chuma, usukani kulia, imetoka Afrika Kusini, ambako wanazitengeneza kwa wingi. Baba yangu mdogo, anayeishi Maskati, aliinunua ikiwa haina injini wala giaboksi, ikashushwa bandarini Malindi, hapa hapa Unguja, akanipigia simu: "Mwanangu, gari hiyo. Injini kazi yako." Basi niliwaza kikazi. Mteja wangu ni bwana harusi aliyevaa joho na kilemba. Mbele ya gari kuna beni, watu wanacheza, na mwendo ni wa mtu anayekwenda kwa miguu, tena asiye na pa kuwahi. Kikwajuni mpaka Michenzani tunaweza kumaliza nusu saa. Injini ya gari kama hii haitakiwi kukimbia. Inatakiwa ivute kwa mzunguko mdogo, isichemke, na ingurume vizuri ikiwa imesimama. Maamuzi yangu yote yametokana na hilo.

Ukitaja Cobra barazani, kila kijana mwenye simu anakwambia 427. Siwalaumu. Hiyo ndiyo iliyoipa Ford ushindi wa mbio za Le Mans mwaka 1966 na 1967 kwenye gari yake ya mashindano, GT40, na ndiyo iliyoipa jina Cobra ya chesisi pana iliyotoka 1965. Kranki yake imeshikwa na bolti za ubavuni zaidi ya zile za kawaida za chini, ili ihimili mizunguko mikubwa. Mie mizunguko mikubwa naipeleka wapi? Na bloku tupu ya 427 ya zamani, bila pistoni, inauzwa ghali kuliko 390 nzima inayowaka. Halafu kuna jambo ambalo vijana wa barazani hawapendi kulisikia: hata zile Cobra halisi za Carroll Shelby, Mmarekani aliyezianzisha, ambazo bodi na chesisi zake ziliundwa na kampuni ya AC kule Thames Ditton, Uingereza, nyingi zilizoitwa 427 zilitoka na injini ya 428, iliyotumika kwenye magari makubwa ya barabarani na ya polisi, kwa kuwa bei yake ilikuwa rahisi zaidi. Shelby mwenyewe hakuona haya, nione mimi?

Fundi, kwa upande wake, mwanzo alitaka nitie Toyota, ile V8 ya lita 4 ya Lexus na Crown, 1UZ-FE. Ushauri huo ni wa haki na ninaurudia hapa kwa anayetaka gari ya kwenda nayo kazini kila siku kutoka Fumba: bloku ni ya aluminiamu, nyepesi, spea zinapatikana, na mafundi wanaijua. Lakini gari yangu inafunguliwa boneti. Kaka zake bwana harusi lazima waombe ifunguliwe wapige picha, na wakikuta kifuniko cha plastiki chenye nembo ya Toyota, bei ya kukodi inashuka palepale.

Sasa muuzaji. Injini ilikuwa kwenye yadi ya magari ya kuvunja huko Sharjah, na tangazo lilisema 428. Kwenye picha, mbele ya bloku, ilisomeka wazi namba 352. Nikadhani tayari nimemkamata mwongo, fundi akanituliza: 352, 390 na 428 zote ni ukoo mmoja wa Ford unaoitwa FE, ulioanza 1958, kwa nje zinafanana, na namba 352 imechorwa kwenye bloku nyingi za ukoo huo hata kama ndani si 352. Namba ya nje haithibitishi wala haikanushi. Kinachosema kweli ni kipimo cha ndani. Basi tukamtuma binamu yangu anayefanya kazi kule, akaenda na kalipa ya vernia, kile kifaa cha kupimia milimita, muuzaji akafungua hedi ya upande mmoja kwa kununanuna, na fundi akawa anaelekeza kwa video kutoka Saateni, miwani imeshuka puani.

"Shusha pistoni mpaka chini kabisa, baba. Pima kutoka usawa wa bloku. Haya, ipandishe, pima tena."

"Tofauti ni tisini na sita, fundi."

"Milimita?"

"Milimita."

"Na upana wa silinda?"

"Mia na tatu, kasoro kidogo."

Fundi akavua miwani. "Hiyo tatu tisini. Mwambie muuzaji tunamshukuru, sasa tuzungumze bei."

Nawaandikieni vipimo mkae navyo. Safari ya pistoni ya 390 ni milimita 96. Ya 428 ni 101. Ya 352 ni 89, na hiyo hiyo 89 ni ya 360, injini ya pikapu ambayo upana wa silinda zake ni sawa na wa 390, kwa hiyo ukipima upana peke yake utauziwa 360 huku unachekelea. Bei ilishuka vya kutosha kulipia usafiri mpaka Malindi. Hata hivyo muuzaji hakuacha uchawi wake: ndani ya kreti alitia flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya kranki, ya 428. Ukiitazama haraka ni flaiwili tu. Ukiigeuza unaona uzito wa ziada umewekwa upande mmoja, kwa sababu 428 inasawazishwa kwa nje na 390 inasawazishwa ndani kwa ndani. Ukiifunga kwenye 390 injini itatetema mpaka beringi zife. Fundi aliishika mara moja, akaigeuza, akaiegemeza ukutani, na mpaka leo iko palepale, wanaiwekea kopo la sigara.

Kwa nini ya pikapu? Kwa sababu ya petroli. Zile 390 za magari madogo ya miaka ya sitini zilikuwa na mgandamizo mkubwa, kiasi cha 10 kwa 1, zikitegemea petroli nzuri yenye risasi. Ya pikapu iko chini ya 9 kwa 1, na petroli ya vituo vyetu haiisumbui. Risasi nayo, iliyokuwa ikikinga viti vya valvu, haipo tena kwenye petroli ya vituo popote duniani, Algeria ndiyo iliyomaliza mwisho mwaka 2021, hivyo viti vya valvu za kutolea moshi tulivibadilisha, tukatia vya chuma kigumu wakati hedi ziko chini. Msiache hilo. Likiachwa, valvu zinazama taratibu kwenye hedi na utakuja kumlaumu fundi.

Kuitia ni kazi ya uzito. Injini hii ya chuma tupu ina karibu kilo 300, na giaboksi ya Toploader ya gia nne nayo ni chuma. Fundi alifunika pua ya gari kwa mikeka na mablanketi, akasimamisha miguu mitatu ya mabomba yenye cheni bloku, akaishusha na giaboksi yake pamoja, kitako kikitangulia, vijana wawili wameshika mkia wa giaboksi. Hapakuwa na kelele wala matusi. Maunti za chesisi, yaani vishikio vya injini, zilikuwa zimetobolewa kwa injini nyingine, akazikata na kulehemu mpya palepale, na akahakikisha kwanza kwamba mhimili wa usukani unapita bila kugusa bomba la moshi la kulia. Nafasi iliyobaki ni ya vidole viwili. Aliuzungushia mhimili kitambaa cha kuzuia joto, na joto likizidi bado usukani unapata moto kidogo.

Kitu kimoja cha ajabu kwenye ukoo huu wa FE ni menifoldi ya kuingizia hewa. Ni pana mno, mpaka vifuniko vya valvu vinaegemea nusu juu yake, na pushirodi, vile vijiti vinavyosukuma roka za valvu, zinapita ndani yake. Maana yake huwezi kuinyanyua menifoldi bila kufungua roka na kuchomoa pushirodi zote. Ile ya asili ya chuma ina uzito wa mtoto wa skuli. Tukaiweka kando tukatia ya aluminiamu ya Edelbrock na kabureta ya Holley. Gasketi zake ndizo zilizotuchelewesha. Duka moja la spea upande wa bara, nisilolitaja, tuliandikia "gasketi za Ford FE 390", wakatuletea seti safi kabisa ya Toyota 1UZ-FE. Waliona FE wakaona yatosha.

Joto ndilo linaloinyima injini nyota ya tano. Barabarani, njia ya Bububu upepo wa kusi ukiwa usoni, haina neno kabisa. Nyuma ya beni, mwezi wa Februari, saa kumi jioni, lita 6.4 zinaunguza petroli na hakuna hewa inayoingia puani. Tumetia rejeta nene ya aluminiamu, feni mbili za umeme zinazovuta, na kava linalofunga pembeni ili feni zivute kupitia rejeta badala ya kuvuta hewa ya pembezoni. Hilo kava ndilo lililoleta tofauti kuliko kitu kingine. Thamostati ya nyuzi 82 imebaki mahali pake. Najua mafundi wengi hapa dawa yao ya kwanza ya gari inayochemka ni kuichomoa thamostati na kuitupa, na wa kwangu hakufanya hivyo, ndiyo sababu moja ya zile nyota tano. Na maji ya kisima msitie. Angalieni ndani ya birika zenu chokaa inavyoshika. Ndivyo itakavyoshika kwenye rejeta. Maji ya betri na kulanti, basi.

Ugonjwa wa pili wa joto unakuja injini ikishazimwa. Bwana harusi anashuka msikitini, nikahi inasomwa, inaombwa dua, halua na kahawa, na wakati wote huo joto la menifoldi linapanda kwenye kabureta mpaka petroli inachemka ndani yake. Anatoka na wapambe wake, tarumbeta zinapiga, dereva anazungusha ufunguo, stata inalia, gari haiwaki. Hakuna aibu kama hiyo. Dawa yake ilikuwa kipande kinene cha plastiki ngumu chini ya kabureta ili joto lisipande, bomba la petroli kuhamishwa mbali na hedi, na pampu ya umeme nyuma karibu na tangi. Dereva naye amefundishwa: ikiwa moto, kanyaga mafuta mpaka chini, washa, na usipampu.

Oili nayo ina masharti. Kemshafti ya zamani inasugua tapeti moja kwa moja, haina gurudumu, na oili nyingi za kisasa zimepunguziwa zinki inayoikinga. Tafuteni oili ya magari ya zamani au yenye zinki ya kutosha. Siku ya kuiwasha mara ya kwanza na kemshafti mpya, fundi aliiweka kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, muda wa dakika 20 mfululizo, bila kuiacha ishuke, jirani wote wa Saateni wakatoka nje. Alhamdulillahi, pale ndipo nilipojua pesa haikupotea. Sauti ile hamtaipata kwenye Toyota.

Mengine mafupi. Sampo, bakuli la oili chini ya injini, tumetia pana na fupi kwa ajili ya matuta, na bado matuta ya njia za shamba tunayapanda kiubavu. Mabomba ya moshi yako pembeni chini ya milango, yanaunguza. Tumeyafunika kwa bati lenye matundu, na wapambe wanaambiwa mapema, maana ipo kanzu moja mjini hapa yenye alama ya kahawia pindoni. Klachi ni nzito, dereva wangu analalamika mguu kila Jumamosi, na ana haki. Chumvi ya bahari inazila bolti, kwa hiyo kila zinapofunguliwa zinapakwa grisi. Petroli inakunywa hasa. Nimeiweka kwenye bei ya kukodi na mteja hajakataa.

Fundi mwenyewe ana kasoro zake. Umeme simshauri mtu ampe: waya zake zilifanya kazi lakini zilikaa kama nyavu zilizokwama, na nilimpa kijana wa Mwanakwerekwe azifanye upya pamoja na fyuzi na rilei za feni. Risiti haandiki mpaka umsimamie. Na akisema wiki ijayo, ulizeni ya mwezi gani. Ila kwa kupima, kuchonga maunti, kulehemu na kuinyanyua injini nzito bila kukwaruza rangi, mpeni kazi. Mfuateni asubuhi kabla jua halijakaza, na nendeni na kalipa yenu mkononi, kwani yake haazimi mtu.